Mshororo Unaojifanana Mara Moja Tu



Tumezoea kuusifu mshororo kwa kulingana na wenzake: silabi nane ukwapi, silabi nane utao, kina cha kati kikiita na kina cha mwisho kikiitika. Leo naomba niwaletee mshororo wenye sifa iliyo kinyume cha hiyo. Umetungwa kwa makusudi ili usifanane na kitu chochote, hata na nafsi yake, isipokuwa mahali pamoja tu. Watunzi wake ni wahandisi wa rada, na kile wanachokiita umbo la wimbi kinakaribiana sana na kile tunachokiita sisi bahari ya utungo.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Baada ya kuhitimu chuo cha ualimu nilifundisha Hisabati na Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na muda wote huo watu walistaajabu kwamba mtu mmoja aweza kuyapenda masomo hayo mawili. Mimi sikuona la kustaajabia. Ahesabuye mizani anahesabu, na apangaye hesabu zikapendeza anatunga. Ila sikutazamia kwamba ningekutana na mahali ambapo kazi hizo mbili ni kazi moja.

Rada hufanya jambo analolijua kila mtoto aliyewahi kupiga ukelele mbele ya jabali. Hutoa pigo la mawimbi ya redio, kisha hunyamaza na kusikiliza mwangwi. Tarehe 26 Februari 1935, karibu na Daventry nchini Uingereza, Robert Watson-Watt na Arnold Wilkins walionyesha kwamba ndege ikipita katika mawimbi ya kituo cha redio cha BBC, sehemu ya mawimbi hayo huakisiwa na kunaswa na mtambo ulio ardhini. Mawimbi hayo husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Katika sehemu moja ya milioni ya sekunde huenda mita 300, yaani mita 150 za kwenda na mita 150 za kurudi. Ukiujua muda wa mwangwi, umeujua umbali.

Tatizo huanzia kwenye urefu wa pigo. Pigo likidumu sehemu moja ya milioni ya sekunde, vyombo viwili vilivyofuatana kwa chini ya mita 150 huonekana kimoja, kwa sababu mwangwi wa kwanza haujakoma na wa pili umekwisha kuanza. Ukilifupisha pigo, utavitenganisha vyombo hivyo. Lakini pigo fupi hubeba nguvu kidogo, na mwangwi wake kutoka mbali humezwa na makelele. Ukilirefusha, utasikia mbali, ila utasikia kwa mkorogo.

Kijana mmoja niliyemfundisha, ambaye sasa ni afisa katika chombo cha abiria kivukacho kati ya Dar es Salaam na Unguja, ndiye aliyenisukuma kuandika haya. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani aliniambia: “Mwalimu, tukikaribia bandari tunaweka pigo fupi ili tuzitenganishe ngalawa. Tukiwa nje tunaweka pigo refu ili tuone mbali. Sasa nasikia zipo rada zinazopata yote mawili kwa pigo moja. Yawezekanaje? Na tafadhali unieleze kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza nilieleweshwa nikasahau.” Nilimwahidi jibu, na jibu lenyewe ndilo hili.

Njia ya kwanza ni kulifanya pigo refu lisiwe la namna moja tangu mwanzo hadi mwisho. Wimbi huanza kwa kutetema polepole, kisha huongeza kasi ya mtetemo hadi pigo linapokwisha, kama mluzi unaopanda. Mwangwi ukirudi, mpokezi huwachelewesha waliotangulia na kuwaacha wa nyuma wapite. Fikirini msafara mrefu ufikao mtoni: walio mbele wanazuiliwa ng’ambo ya huku, walio nyuma wanasubiriwa, na wote wanavuka kwa pamoja. Pigo lililoenea katika sehemu 100 za milioni ya sekunde, ambalo kwa kawaida lingevichanganya vyombo vilivyo ndani ya kilomita 15, likipandishwa mtetemo wake kwa milioni moja kwa sekunde, hukunjwa likatenganisha vyombo vilivyoachana kwa mita 150. Nguvu ni ya pigo refu, ukali ni wa pigo fupi.

Popo walao wadudu wamekuwa wakitumia hila hii kwa sauti tangu kabla ya sisi kujua kuhesabu. Milio yao mingi huteremka badala ya kupanda. Katika maabara za Bell nchini Marekani, Bernard Oliver aliiandikia hati mwaka 1951, akaipa kichwa cha utani kilichogeuza mshororo wa mwisho wa shairi maarufu la T. S. Eliot, akiweka mlio wa ndege mahali pa neno la mwisho. Jina hilo la mlio wa ndege ndilo wahandisi wa Kiingereza wanalolitumia hadi leo. Basi hata huko, pigo hili lilipewa jina lake kwa mkono wa ushairi.

Hapa pana jambo la lugha ambalo wasomaji wa ukumbi huu watalifurahia. Sisi twasema “masafa” kwa maana ya umbali, na ndiyo maana ya asili ya neno hilo katika Kiarabu. Lakini twasema pia “masafa ya redio”, tukikusudia kasi ya mtetemo. Wapo wanaolalamika kwamba neno moja limebebeshwa mizigo miwili. Tazameni sasa pigo hili linalopanda. Chombo kikiwa kinakuja kwa kasi, mwendo wake huubana mwangwi na kuupandisha mtetemo kidogo. Na kwa kuwa mpokezi huutambua muda kwa kuutazama mtetemo, atadhani kwamba chombo kiko mahali tofauti kidogo na kilipo. Rada yenyewe huchanganya masafa na masafa! Neno letu lenye utata limeangukia penye utata wa kweli. Hata hivyo, ili nisiwachanganye, nitaendelea kusema “umbali” na “kasi ya mtetemo”.

Njia ya pili ndiyo iliyonifanya niketi na kalamu usiku kucha. Pigo refu hukatwa vipande vilivyo sawa, na kila kipande kikawa cha moja kati ya namna mbili: wimbi limesimama wima au limepinduliwa. Nitaziita PA na DU, kama ngoma. Swali ni hili: tuzipange PA na DU namna gani ili mpokezi ajue bila shaka ni wakati gani hasa mwangwi umefika?

Chukueni karatasi. Andikeni PA DU PA DU PA, mpangilio ambao sikio la mshairi hulipenda. Andikeni nakala yake chini yake, kisha isogezeni hatua moja moja kuelekea kulia. Kila mahali herufi za juu na za chini zinapokutana, ongezeni moja zikifanana, na ondoeni moja zikitofautiana. Zikilala sawasawa mtapata 5. Mkisogeza hatua moja, mtapata 4 chini ya sifuri. Hatua mbili, 3. Hatua tatu, 2 chini ya sifuri. Hatua nne, 1. Maana yake ni kwamba mshororo huu unajifanana, au unajipinga, kwa nguvu karibu ileile hata usipokuwa mahali pake. Mpokezi atauona mwangwi mmoja kama kilele chenye vivuli vikubwa ubavuni, na ngalawa ndogo iliyo kando ya meli itafichwa na kivuli cha meli.

Sasa andikeni PA PA PA DU PA, mfanye vilevile. Mtapata 5, kisha 0, kisha 1, kisha 0, kisha 1. Kilele kimesimama peke yake. Mshororo huu unajitambua mahali pamoja tu.

Mipangilio ya namna hii hujulikana kwa jina la R. H. Barker, aliyeieleza mwaka 1953 alipokuwa akishughulikia namna ya kutambua mwanzo wa ujumbe wa tarakimu. Mrefu kuliko yote inayojulikana una vipande 13: PA PA PA PA PA, DU DU, PA PA, DU, PA, DU, PA. Kilele chake ni 13, na hakuna kivuli kinachozidi 1. Mwaka 1961 Richard Turyn na James Storer walithibitisha kwamba hakuna mwingine wenye idadi witiri unaozidi 13. Wenye idadi shufwa unaozidi 4 haujapatikana hadi leo. Hisabati imekataa, hakuna malenga awezaye kuitungia hoja.

Baada ya zoezi hili nilijiuliza, kama mtakavyojiuliza nanyi: kumbe mizani na vina vyetu ni kasoro? La, hasha. Rada huuliza, “Kiko wapi?” Utenzi huuliza, “Je, nimekufikia mzima?” Haya ni maswali mawili. Utenzi wa mizani nane, wenye vina vitatu vinavyolingana na cha nne kinachorudi katika kila ubeti, umejengwa ili ujifanane kila mahali, na kufanana huko ndiko kulikouhifadhi. Miswada mingi ya tenzi iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazikuzitenga sauti zote za Kiswahili. Neno likisomeka kwa namna mbili, mizani na kina humsaidia mhariri kujua lipi ndilo. Msimuliaji akisahau kipande, sikio la hadhira hujua kwamba pengo lina silabi nane na linaishia kwa sauti fulani. Kinachomdhuru mhandisi ndicho kilichotuhifadhia urithi wetu.

Philip Woodward, mwanahisabati Mwingereza aliyefanya kazi Malvern, ambaye pia alikuwa fundi wa saa mwenye sifa, aliliweka jambo hili juu ya msingi imara katika kitabu chake cha mwaka 1953 kuhusu nadharia ya habari na rada. Alionyesha kwamba kila umbo la wimbi lina utata wake kuhusu umbali na mwendo, na kwamba kwa nguvu ileile, jumla ya utata huo haipungui. Waweza kuuhamisha, huwezi kuuondoa. Ni kama godoro la sufi: ukilikandamiza hapa, linavimba pale. Umbo linaloutambua vizuri umbali huweza kupotosha mwendo, na linaloutambua vizuri mwendo huweza kupotosha umbali. Hakuna wimbi linalosikia yote.

Ndipo nilipoelewa kwa nini wahandisi hutengeneza maumbo mengi badala ya kulisaka moja lililo bora. Nitataja mifano miwili.

Wa kwanza ni wa Marcel Golay, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Marekani. Yeye hakutafuta mshororo usio na kivuli. Alitafuta mishororo miwili ambayo vivuli vyake vinapingana. Chukueni PA PA PA DU: zoezi letu linatoa 4, 1, 0, na 1 chini ya sifuri. Chukueni PA PA DU PA: linatoa 4, 1 chini ya sifuri, 0, na 1. Jumlisheni: 8, 0, 0, 0. Kila mmoja una kasoro, na kasoro ya huyu ndiyo dawa ya kasoro ya yule. Kwa chombo kilichotulia, rada ikirusha wa kwanza kisha wa pili na kujumlisha miangwi yao, vivuli hutoweka. Chombo kikienda mbio kati ya pigo na pigo, vivuli hurudi kidogo. Godoro limevimba upande mwingine, kama Woodward alivyoeleza. Nilipoliona hilo niliandika ubeti huu pembezoni mwa karatasi:

Sauti nimeirusha, gizani ikapotea,
Mwangwi ukairejesha, habari ikanijia,
Mmoja haukutosha, wa pili nikangojea,
Miwili ikaonesha, jahazi likitokea.

Mfano wa pili ni wa kubadili nafasi kati ya mapigo. Rada ikipiga kila baada ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, mwangwi wa kitu kilicho ndani ya kilomita 150 hurudi kabla ya pigo linalofuata. Wingu la mvua lililo kilomita 200 hurudisha mwangwi wake baada ya pigo la pili kutoka, nalo huonekana liko kilomita 50 tu. Rada ikibadili nafasi, mpaka ukawa kilomita 180, wingu lilelile litaonekana liko kilomita 20. Mwangwi wa kweli hubaki mahali pake mizani ikibadilika. Wa uongo huruka. Kubadili mizani, basi, ni njia ya kuujua ukweli.

Zamani kubadilika huko hakukuwa rahisi. Magnetroni ya John Randall na Harry Boot, iliyobuniwa Birmingham mwaka 1940, ilikuwa na nguvu ya ajabu lakini kazi yake ilikuwa kupiga ukelele, si kuimba. Leo umbo la wimbi huandikwa kama orodha ya tarakimu katika kumbukumbu ya mtambo. Saa huzisoma moja baada ya nyingine, zikageuzwa umeme, zikakuzwa na kurushwa angani. Rada yaweza kubadili utungo wake pigo hadi pigo, iwe kwa sababu ya mvua, kwa sababu ya rada ya jirani, au kwa sababu ya adui anayejaribu kulijifunza pigo lake ili amrudishie mwangwi bandia.

Lakini yote hayo ni bure iwapo mpokezi hajui kilichorushwa. Mwaka 1943 D. O. North, mhandisi wa Marekani, alionyesha kwamba katikati ya makelele msikilizaji bora ni yule aliyeshika nakala ya pigo lenyewe na kuilinganisha na kila anachosikia. Mpokezi aliyefunzwa mpangilio mmoja tu, akirushiwa mwingine, husikia makelele. Mwangwi umefika mlangoni kwake, naye anasema hakuna mtu.

Hapa ndipo ninapotaka kusema lililo moyoni. Sisi watu wa ushairi wa Kiswahili tumebishana kwa nusu karne na zaidi. Sheikh Amri Abedi alituwekea sheria za utungaji katika kitabu chake cha mwaka 1954. Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi mwaka 1974, na moto ukawaka. Mimi nimefundisha kwa kitabu cha kwanza na nimekipenda cha pili, na sijawahi kuona haja ya kumfukuza mmoja ili mwingine apate kiti. Ila nimeona gharama ya kuwa na mpokezi wa mpangilio mmoja.

Miaka mingi iliyopita, katika mashindano ya shule ambayo sitayataja, msichana wa kidato cha tatu aliwasilisha shairi kuhusu kumngoja baba yake arudi kutoka kuvua. Mishororo yake ilianza mirefu, ikawa inafupika ubeti hadi ubeti, hadi wa mwisho ukabaki neno moja. Lilitolewa kabla ya kusomwa kwa sauti, kwa kuwa mizani haikulingana. Nilikuwapo, nikapinga, sikusikilizwa. Waamuzi hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na nakala moja mkononi, wakailaza juu ya alichokileta mtoto, wakahesabu tofauti. Hawakuuliza kwa nini mishororo inafupika. Msichana yule alibaki shuleni kwetu mwaka mmoja na nusu zaidi, na hakuniletea tena shairi la kusoma.

Simtetei kila anayevunja mizani. Mpangilio wa Barker haukupatikana kwa kutupa PA na DU ovyo. Mkitupa ovyo mtapata vivuli kila upande. Umbo lisilo na urari lahitaji kazi kubwa kuliko lenye urari, na mtunzi wake ana deni la kutuonyesha ni swali gani alitaka lijibiwe ambalo shairi la mizani kumi na sita lisingelijibu. Msichana yule alikuwa amelilipa deni hilo: ngojeo lilipungua maneno kadiri matumaini yalivyopungua.

Deni la pili ni letu, walimu na wasomaji. Twapaswa kufunza sikio nakala nyingi: utenzi, tarbia, takhmisa, wimbo, na hata utungo usio na jina bado. Asiyeifahamu tarbia husikia kelele katika tarbia, kama vile asiyelifahamu shairi huru asikiavyo kelele humo. Viziwi hao wawili ni ndugu.

Kwa hiyo, kijana wangu wa baharini, jibu lako ni kwamba pigo moja hupata yote mawili likitungwa vizuri, na hata hivyo halitoshi peke yake. Nanyi malenga, jaribuni nyumbani mpangilio wa vipande saba: PA PA PA DU DU PA DU. Mkiona vivuli vyake, nitafutieni pia jina zuri zaidi la Kiswahili kuliko hilo la “vivuli”, maana lugha nayo bado inasubiri mwangwi wake.